Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo cha Theolojia: Msikilizeni mwanafunzi kabla hajawa kesi

Mchungaji, Mkuu wa Chuo,

Bwana Yesu asifiwe.

Nimesoma tangazo lako kwamba kanuni za wanafunzi zitapitiwa upya kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza. Nilifurahi, kisha usiku nikakosa usingizi. Kanuni zile zimezeeka na zinastahili kuguswa. Ila najua kazi ya namna hii huishia wapi: vipengele vinaongezwa, adhabu zinapangwa upya, kitabu kinachapwa kwa jalada jipya, na mwanafunzi mwenye jambo moyoni anabaki pale pale, hajui amwambie nani.

Ningeweza kukuandikia faragha. Sijawahi kukuta mlango wako umefungwa, tangu siku zile ulipokuwa unatufundisha Kiyunani na kutuvumilia na vitenzi vyetu. Nimeandika wazi kwa sababu jambo hili ni la wanafunzi waliomo mabwenini leo, na wao hawawezi kuandika barua kama hii wakaweka jina chini. Mimi naweza. Cheti changu kiko kabatini, na mikono niliwekewa miaka mingi iliyopita. Kwamba inabidi mtu asubiri hadi hapo ndipo aseme, hilo peke yake lingetosha kutuweka kitako.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa mwaka wa tatu, wenzangu walinichagua niwawakilishe katika kamati ya nidhamu. Kikao changu cha kwanza kilimhusu mwanafunzi aliyekuwa mtunza hazina wa mfuko wetu wa kusaidiana. Tulikuwa tumechanga ili mwenzetu aliyefiwa na baba yake apate nauli ya kwenda kuzika. Siku ya kumkabidhi, fedha hazikuwepo. Kikao kiliitwa mara tu baada ya ibada ya asubuhi. Tuliimba ubeti mmoja, tukaomba, kisha mwenzetu akaulizwa swali moja: ulichukua au hukuchukua? Akajibu, "Nilichukua." Akaambiwa atoke nje. Mwenyekiti akatazama saa yake. Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono, na wangu ulinyooka pamoja na mingine. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amefunga sanduku lake, na barua ya kwenda kwa kanisa lililomtuma ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi.

Simtetei. Alichukua fedha za msiba, na fedha za msiba ni amana mara mbili. Lakini hebu tazama yale ambayo hatukuuliza. Hatukuuliza fedha zimekwenda wapi. Hatukuuliza atazirudishaje. Hatukumwita mfiwa, aliyeumia kuliko sisi sote. Habari alikuja kuzisikia kwenye korido kama mtu baki, na nauli akaipata kwa kukopa. Waliochanga, wengi wao wakiwa hawana kitu kama yeye, waliambulia tangazo la mistari miwili ubaoni kwamba fulani si mwanafunzi wa chuo hiki tena. Tulimfukuza mdeni, tukaliacha deni. Tangu wiki ile bwenini watu wakaanza kufunga makabati kwa kufuli.

Miezi kadhaa baadaye nikajua zilikokwenda. Kanisa lake lilikuwa limechelewesha ada kwa mihula miwili. Alikuwa ameandika barua mbili kwa ofisi ya fedha akiomba apewe muda, na hakuna aliyemjibu. Jibu alilipata mlangoni mwa chumba cha mtihani, jina lake lilipokosekana kwenye orodha. Akachukua fedha za mfuko akalipia ada, akitumaini kuzirudisha kabla hazijaitwa. Kwa hiyo asubuhi ile, wakati sisi tunanyoosha mikono, fedha za marehemu zilikuwa ghorofa moja chini yetu, zimeandikwa katika daftari la mapokezi la chuo chenyewe. Swali moja zaidi lingetufikisha huko.

Mkuu, ndipo nilipoanza kuona kwamba malalamiko na nidhamu ni habari moja. Kesi ile ilianza kama ombi. Ombi lingejibiwa, hata kwa kukataliwa kwa adabu na kuonyeshwa njia nyingine, pengine kikao kisingekuwepo. Na katika miaka niliyokaa kwenye kamati, na baadaye nilipokuwa mlezi wa wanafunzi mahali pengine, nimekutana na jambo hilo hilo likiwa na sura tofauti: mwanafunzi anayekosa ibada kwa sababu aliyemwonea ndiye anayeongoza ibada, anayemjibu mhadhiri kwa ukali baada ya kurudishiwa kazi isiyosahihishwa kwa mara ya tatu, anayelala nje ya bweni kwa kuwa chumbani mwake kuna mtu anayemtisha. Wote hao waliletwa mbele yetu kama wakosaji, na kosa lilikuwepo kweli. Ila nyuma ya kila kosa palikuwa na barua isiyojibiwa au mlango uliobishwa bila kufunguliwa. Kitabu chetu cha kanuni kina kurasa nyingi za makosa. Kuhusu malalamiko kina aya moja.

Aya hiyo inamtaka mlalamikaji afuate ngazi. Sina ugomvi na ngazi. Lakini katika chuo cha theolojia, mara nyingi anayelalamikiwa ndiye aliyekaa kwenye ngazi ya pili. Sisi tuna jambo ambalo vyuo vingine hawanalo. Mhadhiri anayesahihisha mtihani ndiye huyo huyo anayehubiri katikati ya wiki, ndiye mshauri wa kiroho wa kikundi, ndiye mjumbe wa kamati ya nidhamu, na mwisho wa mwaka ndiye anayejaza ripoti ya mwenendo inayokwenda kwa kanisa lililomtuma mwanafunzi. Ripoti ile ina nafasi ya kuandika juu ya unyenyekevu na utii. Mwanafunzi haioni. Kwingine ukikosana na mwalimu utapoteza alama. Kwetu unaweza kupoteza wito, na usijue kamwe ni sentensi gani iliyokuponza.

Halafu kuna lugha yetu. Mtu wa nje akilalamika huitwa msumbufu, jambo ambalo mtu anaweza kulibeba. Kwetu huambiwa ana roho ya uasi. Anakumbushwa Kora aliyemezwa na ardhi na Miriamu aliyepigwa ukoma. Anasomewa Zaburi ya 105: "Msiwaguse masihi wangu." Mimi nimesomewa aya hiyo nikiwa nimesimama ofisini, nikiwa na malalamiko ya wanafunzi wa kike kuhusu mlango wa bafu usiofungika. Baadaye nikaisoma tena taratibu. Masihi wanaotajwa pale ni Ibrahimu na wanawe, watu wachache, wageni wasio na nchi, wanaotangatanga kutoka taifa hata taifa. Na wanaokemewa wasiwaguse ni wafalme. Aya iliyoandikwa kumkinga mnyonge dhidi ya mwenye enzi tumeigeuza ngao ya mwenye ofisi dhidi ya mnyonge. Sijui ni kosa gani la ufafanuzi wa Maandiko linaloweza kuzidi hilo, na tunalifanya mahali panapofundishwa ufafanuzi wa Maandiko.

Manung'uniko ya jangwani ni dhambi, sawa. Lakini Matendo 6 inaanza na manung'uniko pia. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, na watu wao wakanung'unika juu ya Waebrania. Mitume hawakutafuta nani aliyeanzisha maneno. Hawakuhubiri juu ya shukrani. Waliita mkutano wa wanafunzi wote, wakakubali kwamba kazi imewazidi, wakawaambia wachague watu saba. Yasome majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Huduma iliyolalamikiwa ilikabidhiwa kwa watu wenye majina ya upande uliolalamika. Na Luka anaendelea moja kwa moja kusema neno la Mungu likaenea. Au chukua binti za Selofehadi katika Hesabu 27: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Wanawake watano wasio na baba wala kaka walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakasema sheria ya urithi inawadhulumu. Musa hakuwajibu kwa haraka. Alipeleka neno lao mbele za Bwana, na jibu likaja kwamba wanena haki, na sheria ikabadilika. Nimewahi kujiuliza wangefika mbali kiasi gani kwa kufuata aya yetu ile moja.

Unakumbuka barua isiyo na jina iliyobandikwa ubaoni ikimlalamikia msimamizi wa bweni. Haikuwa na matusi. Ilisema funguo za vyumba vya wanafunzi zinatumiwa wakiwa darasani. Chuo kilitumia zaidi ya wiki mbili kutafuta mwandishi. Karatasi za majaribio zilitolewa makabatini, miandiko ikalinganishwa. Wakaitwa watu sita kujieleza. Kama funguo zilitumiwa au hazikutumiwa, hilo hadi leo halijachunguzwa. Wewe wakati huo ulikuwa mhadhiri tu na hukuhusika, lakini faili lile sasa liko ofisini kwako. Mwandishi hakupatikana. Kilichopatikana ni darasa zima lililojifunza kwamba kuandika ni hatari hata ukiandika ukweli, na darasa lile sasa ni wachungaji. Najua baadhi yao wanavyopokea malalamiko ya washarika wao, maana washarika wengine huja kwangu. Wanatafuta mwandiko.

Kabla sijafika kwenye nidhamu yenyewe, neno fupi juu ya haki ya kusikilizwa, kwa kuwa nimesikia ikisemwa kwamba utaratibu wa kusikiliza pande zote ni mambo ya mahakama za dunia yanayotaka kuingizwa kanisani. Historia inaonyesha kwamba mahakama ndizo zilizolichota neno hili kwetu. Mwaka 1718 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimvua shahada zake Richard Bentley, bingwa wa Kiyunani na profesa wa theolojia, bila kumwita ajitetee. Alikuwa mtu mgumu na mgomvi, na waliomchoka walikuwa wengi. Mwaka 1723 Mahakama ya Mfalme iliamuru arudishiwe, na jaji mmoja, Fortescue, akasema kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita ajitetee. Alimaanisha "Uko wapi?" ya Mwanzo 3, na "Umekula?" inayofuata. Mungu alikuwa anajua majibu. Aliuliza hata hivyo. Adamu akasikilizwa, Hawa akasikilizwa, ndipo hukumu ikaja; na baada ya hukumu akawashonea mavazi. Kikao chetu cha asubuhi ile hakikufika hata nusu ya bustani ya Edeni.

Sasa nidhamu. Ulitufundisha katika muhula wa pili kitenzi kilichomo katika Wagalatia 6:1, pale Paulo anaposema mtu akighafilika katika kosa lolote, ninyi mlio wa Roho "mrejezeni upya" kwa roho ya upole. Ukatuonyesha kwamba ni kitenzi kile kile cha Marko 1:19, Yakobo na Yohana wakiwa chomboni wanazitengeneza nyavu zao. Ulisema mvuvi hatupi wavu uliochanika, na hauweki majini ulivyo. Anakaa nao mapajani, anatafuta uzi ulikokatika. Nimehubiri picha hiyo mara nyingi. Inachosha kazi ya namna hiyo, na ndiyo maana kamati hupenda kufukuza. Kufukuza kunamalizika kabla ya chakula cha mchana.

Kuna watu waliojaribu kuifanya kazi hiyo katika mambo mazito kuliko yetu. Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Elmira huko Ontario, Kanada, vijana wawili waliharibu mali za watu ishirini na wawili katika usiku mmoja: matairi, madirisha, magari. Ofisa wa uangalizi, yaani anayewafuatilia wakosaji wanaotumikia adhabu nje ya gereza, Mmenno (muumini wa kanisa la Mennonite) aitwaye Mark Yantzi, alimwomba hakimu jambo lisilokuwemo katika taratibu: vijana wale wapelekwe kwa kila waliyemharibia, wamtazame usoni, wamsikilize, wajue hasara yake, kisha walipe. Hakimu alisita, halafu akakubali. Walizunguka nyumba kwa nyumba. Walilipa. Huko ndiko watu wengi wanakoanzia wanaposimulia historia ya kile kinachoitwa leo haki rejeshi, na kilianzia kwa Wakristo waliokuwa wamechoka kuona mkosaji anaadhibiwa na aliyekosewa anasahauliwa. Badala ya kuuliza sheria gani imevunjwa na adhabu yake ni ipi, wao huuliza: nani ameumia, anahitaji nini, na ni wajibu wa nani kukitengeneza?

Rudi na maswali hayo kwa mtunza hazina wetu. Angekaa mbele ya mfiwa, siyo mbele ya kamati tu. Angemsikia akisema ilivyokuwa kufika msibani kwa fedha za mkopo. Waliochanga wangepata nafasi ya kusema. Ofisi ya fedha ingekuwepo, na barua zake mbili zingesomwa, na ofisi nayo ingekuwa na la kujibu. Kisha ungeandikwa mpango wa kulipa, kidogo kidogo, labda kwa kazi ya maktaba. Angeondolewa katika uongozi wa mfuko, bila shaka. Pengine angesimamishwa muhula mmoja. Anayedhani hiyo ni adhabu nyepesi hajawahi kukaa mbele ya mtu aliyemdhulumu. Zakayo alisimama mbele ya watu akasema atarudisha mara nne. Hakuna kamati iliyomfanyia hivyo, na nyumba yake haikubaki ile ile.

Wengine watasema huu ni ulegevu wa kisasa. Wafungue Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, iliyotungwa kwa ajili ya watawa, watu wanaoishi pamoja chini ya paa moja na kusali pamoja, kama sisi. Haina ulegevu. Ina maonyo ya siri, maonyo ya hadhara, kutengwa mezani na katika sala, na mwisho kufukuzwa. Lakini katika sura ya 27, ndugu akiwa ametengwa, abati, mkuu wa watawa, anaagizwa amtumie wazee wenye hekima, wamwendee kimya kimya kumfariji, asije akamezwa na huzuni iliyopita kiasi. Maneno hayo ya mwisho ni ya Paulo, 2 Wakorintho 2. Na abati anakumbushwa kwamba amepokea uangalizi wa roho zilizo dhaifu, siyo ubabe juu ya zilizo nzima. Aliyeondoka akitaka kurudi na kujirekebisha, sura ya 29 inaruhusu apokewe, hadi mara tatu. Sisi mtunza hazina wetu hatukumtuma hata mtu wa kumbebea sanduku hadi getini. Kwa kweli tulikatazwa kuongea naye.

Hapa naomba unisome polepole, kwa sababu kuna jambo ambalo watetezi wa upatanisho, nikiwemo mimi, tumelikosea vibaya.

Si kila jambo linakwenda kwenye meza ya upatanisho. Mwanafunzi aliyeshikwa au kutakwa kimapenzi na mhadhiri, au mlezi, au mchungaji wa mazoezi kwa vitendo, asiambiwe "nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Mathayo 18:15 inasema ndugu yako akikukosa. Inadhani watu wawili wanaoweza kutazamana macho kwa macho. Na sura hiyo hiyo, aya chache kabla, ina jiwe la kusagia lililofungwa shingoni mwa anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa. Anayesoma aya ya 15 akairuka ya 6 hajasoma sura.

Hili limetokea, na limetokea kwa Wamenno walewale waliotuletea mfano wa Elmira. John Howard Yoder, mwanatheolojia wa Kimenno aliyejulikana dunia nzima kwa mafundisho ya amani, aliwanyanyasa kingono wanawake wengi, wakiwemo wanafunzi, akiwa anafundisha katika seminari ya Elkhart, Indiana, nchini Marekani. Viongozi walijaribu kwa miaka kulimaliza kimya kimya. Mathayo 18 ilitumika kuwataka wanawake wakutane naye ana kwa ana. Aliondoka katika seminari mwaka 1984 bila jamii ya chuo kuelezwa sababu, akaendelea kuandika na kuheshimiwa hadi alipofariki mwaka 1997. Ni Machi 2015 tu ambapo seminari ile ilifanya ibada ya maombolezo, na mkuu wake wa wakati huo akawaomba radhi hadharani wanawake waliokuwepo. Hesabu miaka. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kuzeeka wakingoja sentensi moja.

Kwa hiyo naomba kanuni mpya iseme wazi, bila maneno ya kuzunguka: unyanyasaji wa kingono, vipigo na vitisho haviendi kwenye upatanisho wa ndani. Vinakwenda kwa vyombo vya sheria na kwa wachunguzi wasio wa chuo, mlalamikiwa anaondolewa kwenye nafasi inayomkutanisha na mlalamikaji, na hakuna anayemwomba mlalamikaji "asamehe ili yaishe." Msamaha ni wake. Chuo hakina haki ya kumpangia tarehe.

Kwa mambo mengine, nitasema ninayoyatamani, na wewe utayapima. La kwanza na kubwa kuliko yote ni mtu wa kusikiliza asiyefundisha, asiyesahihisha, asiyejaza ripoti ya mwenendo na asiyekaa kwenye kamati. Si lazima awe mwajiriwa. Anaweza kuwa mzee wa kanisa mwenye siri, au mchungaji mstaafu, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Wawepo siku zinazojulikana. Malalamiko yaandikwe, mlalamikaji apewe nakala yenye tarehe, na tarehe ya kujibiwa itajwe palepale. Wiki mbili zinatosha kwa mengi. Hata jibu la "bado tunafuatilia" ni jibu. Ukimya ndio unaozaa barua za ubaoni. Na mlalamikiwa asikae kikao kinachomhusu, wala wa damu yake, wala anayemwandikia tathmini ya kazi. Kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Malalamiko yasiyo na jina yapokelewe pia na kuchunguzwa yanapotaja jambo linaloweza kuonekana kwa macho. Na iwe marufuku, tena kosa la nidhamu kwa mtumishi, kumsaka mwandishi.

Ripoti ya mwenendo mwanafunzi aione kabla haijatumwa, aitie sahihi, na awe na nafasi ya kuandika maoni yake chini. Hili dogo litabadilisha mengi kuliko linavyoonekana, maana mhadhiri ataandika kile anachoweza kukitetea mbele ya mtu mwenyewe.

Anayeitwa kwenye kamati aambiwe kwa maandishi anaitiwa nini, siku kadhaa kabla, na aruhusiwe kuja na mtu anayemwamini. Rufaa isiende kwa watu walewale. Na yeyote anayesimamishwa apewe mtu wa kumfuata huko anakokwenda, na siku ya kurudi iwe na utaratibu: nani anampokea, anasema nini mbele ya wenzake kama kuna la kusema, na baada ya hapo nani anazuiwa kumkumbusha. Nimeona wanafunzi waliorudi kutoka adhabu wakakuta adhabu inaendelea mezani na katika kwaya, kwa miaka. Na Paulo alikuwa amekwisha kuandika juu ya mkosaji aliyeadhibiwa, katika 2 Wakorintho 2 ile ile, kwamba adhabu ile "yamtosha."

Wahadhiri wanaogopa, nalijua hilo, kwamba wanafunzi wataitumia nafasi hii kulipiza alama mbaya. Wengine watajaribu. Ndiyo maana nataka malalamiko yachunguzwe kwa ushahidi na yasikubaliwe kwa huruma tu, na ndiyo maana Paulo anamwambia Timotheo asikubali mashtaka juu ya mzee ila kwa mashahidi wawili au watatu. Lakini aya inayofuata inaagiza wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Mhadhiri mwema atakingwa na utaratibu huu. Leo hana kinga yoyote zaidi ya kungoja uvumi uishe wenyewe.

Mwisho, mtunza hazina. Mwaka uliopita nilimtafuta nikampata. Hakurudi katika masomo ya uchungaji. Kanisa lake liliposoma barua yetu halikumwuliza kitu, lilifunga jalada. Ana familia, anafanya kazi yake kwa mikono, anafundisha watoto shule ya Jumapili mahali ambapo hawajui yaliyopita. Nilimwambia kwamba mkono wangu ulikuwa miongoni mwa ile. Akasema alijua, mlango haukufungwa vizuri na alituona. Kisha akaniuliza kama yule mfiwa alifika kwenye mazishi.

Ameniruhusu nikuandikie haya bila jina lake, nawe unalijua au utalikuta katika faili. Anaomba mambo mawili. Barua ile iliyotumwa kwa kanisa lake iambatanishwe na maelezo yake, ambayo hakuna aliyewahi kuyachukua. Na anataka kulipa. Ameweka fedha hizo kando kwa muda mrefu, ila hajui azilete kwa nani: kwa mfiwa aliyekopa nauli, kwa wenzake waliochanga na sasa wametawanyika, au kwa chuo ambacho kimekaa nazo siku zote hizi. Nimemwambia sina jibu, na kwamba nitakuuliza wewe.

Mwanafunzi wako wa Kiyunani, sasa mchungaji wa usharika